Senene Nisiowasikia

Jumatatu, 6 Oktoba 1997

Nimerudi kazini. Mzee Machibya amenitazama kuanzia utosini hadi kwenye viatu, akasema, "Homa ya matumbo imekutafuna kweli, Koku." Nikamwamkia shikamoo, nikapita. Homa ya matumbo ndiyo niliyomwambia. Ukweli ni kwamba nina kifua kikuu, na leo asubuhi nimechomwa sindano ya kumi na tatu. Anajua nesi Selina, najua mimi, basi. Miaka hii ukitaja kifua kikuu watu wanamalizia wenyewe sentensi kwa ukimwi. Niliona walivyomalizia ya kaka yangu Jovitus kabla hajafa.

Wiki mbili nilikaa ndani, nyumbani kwangu Kiseke, kwa sababu Selina alisema nisikae na watu chumba kimoja mpaka dawa inikolee. Sasa kikohozi kimekata na ameniruhusu kufanya kazi. Sindano ni kila asubuhi isipokuwa Jumapili, mpaka zitimie hamsini na nne, halafu vidonge tu. Selina ana mkono mzito na maneno machache. Akishachomoa sindano anauliza, "Masikio?" Najibu, "Mazima." Anaandika, anamwita mwingine.

Chumba changu nimekikuta na vumbi. Machibya alikuwa mnunuzi wa pamba kabla ya kufungua studio hapa Mkuyuni, na magunia yaliyobaki ndiyo ameyatundika ukutani kuzuia mwangwi. Humo ndimo ninamofanyia kazi tangu nipunguzwe serikalini. Wenzangu wanaimba na kupiga magitaa. Mimi nasawazisha kanda mama, ile ambayo kanda zote za dukani zinadurufiwa kutoka kwake. Nikikosea mimi, kosa linazaa watoto mia mbili. Ndiyo maana Mungu alinipa masikio. Sura hakunipa, basi.

Jumatano, 8 Oktoba

Kuna mlio mwembamba kwenye mashine. Nimekaza waya zote, haujaondoka.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mlio bado. Nimefungua kinasa sauti, nimebadilisha plagi, nimemfokea Machibya kwa kuweka friji ya soda kwenye laini moja na mashine zangu. Mzee wa watu akaichomoa bila ubishi. Soda zikapata moto, mlio ukabaki.

Saa nane mchana umeme ukakatika. Mkuyuni nzima ikanyamaza, hadi mashine ya kusaga ya jirani. Taa zangu zote zikazima, mishale yote ya mita ikalala.

Mlio haukuzima.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimejipima. Tuna kisanduku cha kukagulia mashine, kinatoa mlio mmoja tu. Ukizungusha kitufe mlio unazidi kuwa mwembamba, na namba zinaonyesha mitikisiko kwa sekunde. Mita inaonyesha kama mlio upo: mshale unainuka na kusimama kando ya mstari mwekundu.

Mwezi wa tatu nilisikia hadi elfu kumi na tano. Leo nimevaa hedifoni, nimezungusha taratibu. Elfu kumi, nasikia. Kumi na moja. Kumi na mbili, kwa mbali. Kumi na tatu, hakuna. Nikautazama mshale: umesimama wima, hautikisiki. Mlio upo. Mimi ndiye sipo.

Elfu kumi na mbili. Inawezekana ni uchovu.

Jumanne, 14 Oktoba

Ngosha amekuja, yule anayeuza kanda stendi ya mabasi, akanisalimia kwa kilugha chake. "Mwangaluka, Koku! Kanda zenu zinanong'ona. Nikiweka ya Dar abiria wote wanageuka. Nikiweka yenu naulizwa kama betri zimeisha."

Nikamwambia sauti kubwa siyo uimbaji. Akasema yeye haimbi, anauza.

Machibya akacheka, akafunua kitambaa mezani. Kumbe ameagiza limita kutoka Nairobi! Chuma cheusi chenye vitufe vinne na mishale miwili. Nimeisoma tu vitabuni. Kazi yake ni kubana: sauti ikipita kiwango ulichoweka, inaikandamiza hapohapo, kwa hiyo unaweza kuinua wimbo mzima juu bila kupasua spika. Mshale mmoja unaonyesha ukubwa wa sauti. Wa pili unaonyesha limita inabana kiasi gani, na ikibana unainama. Ngosha aliposikia tofauti alipiga makofi. Mzee amenikabidhi mbele yake: "Mashine hii ni ya Koku. Masikio yake ndiyo studio."

Nilitaka kulia, nikajifanya natafuta bisibisi.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sindano ya ishirini na tano. "Masikio?" "Mazima."

Kwa nini nadanganya? Nitaandika hapa, maana hakuna pengine. Nikisema ukweli watanisitishia dawa. Jovitus aliacha dawa mwenyewe mwezi wa pili wa matibabu, alipoona ana nguvu ya kushika jembe. Alipalilia migomba wiki tatu. Mwezi wa nne tukamzika. Sasa naogopa sindano na naogopa kuikosa, na hofu hizo mbili zinalala nami kitanda kimoja.

Elfu kumi.

Alhamisi, 23 Oktoba

Mvua. Bati linapigwa, hakuna kurekodi.

Jumatatu, 27 Oktoba

Leo sikwenda. Nilitoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu kama kawaida, nikafika kwenye lile jiwe kubwa la njia panda, nikakaa. Nikiteremka pale siku hizi natambaa na mkono kwenye jiwe kama bibi, kwa sababu ardhi inayumba. Juzi mama muuza vitumbua alinishika kiwiko, akanong'ona, "Mimba hiyo, dada?" Nikamwambia ndiyo. Mimba ni afadhali.

Nilikaa mpaka jua likawaka. Nilijiambia siku moja tu, masikio yapumzike. Nilijiambia mengi. Halafu nikamkumbuka Jovitus akinionyesha misuli ya mkono wake na kucheka, siku ile aliyotupa vidonge chooni.

Nimefika zahanati saa tano. Wote wameshaondoka. Selina alikuwa kwenye benchi la nje, mkoba mapajani, na faili langu juu ya mkoba. "Umechelewa," alisema tu. Akafungua mlango, akachemsha maji upya.

"Masikio?"

"Mazima."

Jumamosi, 1 Novemba

Elfu nane. Nyimbo zote zinakuja kwangu zimefunikwa blanketi. Naongeza sauti nyembamba kwenye kila kazi ili zichangamke, na Ngosha anasifia. Nikikosa uhakika nauliza mita. Mita haina kifua kikuu.

Jumamosi, 8 Novemba

Kwaya ya Teodora imerekodi leo, nyimbo kumi za Krismasi. Teodora ni mwalimu wa kwaya, Mhaya mwenzangu, Mlutheri mwenzangu, na mkali kweli. Ukikosea sauti ya tatu anasimamisha watu ishirini na wawili ili akutazame wewe peke yako.

Walikuja wakicheka na gunia. Alfajiri senene, wale panzi wetu wa kukaanga, walishuka kwenye taa za kanisa, na kina mama wakawazoa kabla ya kuja. Gunia zima, wazima, hawajachambuliwa mabawa. Wakalisukuma chini ya benchi, mbele ya maikrofoni. Nikasema angalau wataniachia sahani moja. Teodora akasema, "Wewe jinsi ulivyokonda tutakuachia debe."

Mvua ilikata saa tisa. Tukarekodi mpaka magharibi. Waliimba vizuri mno. Nilikuwa na furaha, naandika hivyo kwa sababu ni mara ya kwanza tangu Septemba.

Jumatatu, 10 Novemba

Sindano ya arobaini na tatu. Elfu saba.

Leo nimeogopa mchana kweupe.

Nilianza kusawazisha kanda ya Teodora. Wimbo wa kwanza ukaisha, watu kimya, wanavuta pumzi kabla ya wa pili. Mshale wa kubana ukainama. Hakuna anayeimba, hakuna kinanda, na mshale umeinama chini kabisa na kukaa hapohapo. Limita inabana kitu. Inabana nini?

Nikarudisha nyuma. Tena. Nikaongeza sauti ya hedifoni mpaka masikio yakauma. Kimya kitupu. Nikamwita Machibya. Akavaa hedifoni, akafumba macho. "Mimi sisikii kitu, Koku." Akaitazama mashine, akarudi nyuma hatua moja. "Hiki chuma kimepitia kwa nani huko kilikotoka?"

Nilimcheka ili nisilie. Nikafungua limita, nikapuliza vumbi, nikapangusa unyevu. Mshale bado umeinama. Kwaya nayo inasikika imezama, inapanda na kushuka kama mtu anayepumua kwa shida. Nimeongeza sauti nyembamba zaidi ili ichangamke. Wote wawili hatukusikia kitu, kwa hiyo hakuna kitu. Ni unyevu wa mvua hizi. Nimejiridhisha.

Jumanne, 11 Novemba

Sijajiridhisha.

Alhamisi, 13 Novemba

Kanda mia mbili zimedurufiwa, Ngosha amezichukua. Mzee amenunua soda. Nimekunywa bila ladha.

Ijumaa, 14 Novemba

Saa nne Teodora aliingia na kanda mkononi, anacheka. Nakumbuka kwamba alikuwa anacheka.

"Dada Koku, jamani, mbona umetuachia senene?"

"Senene gani?"

"Hawa!" Akaweka kanda kwenye mashine yangu, akabonyeza. "Gizani mwa gunia walidhani usiku umeingia, wakaanza kulia. Siku ile tuliwasikia, tukasema Koku ni fundi, atawaondoa. Sasa wanatushinda kuimba! Sikiliza, kila wakilia sisi tunazama."

Nilisikiliza. Niliisikia kwaya ikizama, ikirudi. Senene sikuwasikia. Nikatazama mshale, na ulikuwa umeinama, na nikaelewa umekuwa ukiwainamia nani wiki nzima. Sauti nyembamba nilizoongeza ili wimbo uchangamke zilikuwa zao. Mimi Mhaya, niliyekua nikiwasikia senene kabla ya kuwaona, nikikimbia na ndoo kabla mama hajaamka, nimewaongeza kwa mikono yangu mwenyewe na kuwapeleka stendi kanda mia mbili.

"Mimi mbona siwasikii?" alisema Machibya kutoka mlangoni.

"Shikamoo mzee, wewe umri umekwenda," Teodora akasema. Halafu akanigeukia mimi, mwenye miaka thelathini na minne, akisubiri niseme kitu. Kicheko kikamtoka usoni polepole.

"Limita ni mbovu," nikasema.

Loo! Uongo umetoka mdomoni mwepesi kama maji. Machibya akaamini hapohapo, akasema ataifungasha Jumatatu irudi Nairobi. Mchana Ngosha akarudisha kanda mia na sitini. Wateja wengine wamemwambia spika zao zimeungua. Teodora aliondoka bila kuniaga.

Walipotoka nilijipima. Elfu sita. Tangu nianze nimepoteza zaidi ya nusu, na sindano zimebaki saba. Saba tu. Naweza kunyamaza siku saba. Na kila moja ikichukua elfu moja? Nimehesabu kwa vidole kama mtoto, nikafika sifuri, vidole vikabaki.

Naogopa. Sina neno jingine la fundi la kuandika hapa.

Jumamosi, 15 Novemba

"Masikio?"

Nilifungua mdomo, "Mazima" likakwama. Selina akainua macho. Nadhani ni mara ya kwanza nimeyaona vizuri, yana wekundu wa mtu asiyelala.

"Si mazima," nikasema.

Akaweka sindano kwenye trei, haijaniingia. "Tangu lini?"

"Tarehe nane, mwezi wa kumi."

"Koku." Akakaa. "Nimekuuliza kila siku."

"Nilidhani ni salamu."

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alisema ana wagonjwa thelathini na mmoja wa sindano ile, na anawauliza wote, na sababu ya kuuliza ni hiyohiyo moja: inaweza kula masikio, inaweza kula usawa wa miguu, na dalili ikitokea wanatakiwa kuambiwa siku ileile. Alikuwa ameniambia siku ya kwanza. Siku ya kwanza mimi nilikuwa nasikia jina la ugonjwa tu.

Akanipeleka kwa daktari, nami nikaanza kulia kabla ya kuketi. "Msinisitishie dawa. Kaka yangu aliacha."

"Nani amesema unaacha?" daktari akauliza. "Tunaondoa sindano, tunaweka vidonge vya aina nyingine. Matibabu yanaendelea."

Wiki tano nimeuza masikio yangu kwa kuogopa jambo ambalo halikuwepo. Nikauliza yaliyokwenda kama yatarudi. Akasema hayarudi. Nikauliza yaliyobaki. "Yanaweza kushuka kidogo bado, hata baada ya kuacha sindano. Halafu mara nyingi yanasimama."

"Yanasimama wapi?"

"Hilo sikuambii uongo."

Jumatatu, 17 Novemba

Nilimkuta Machibya anaifunga limita kwenye boksi. Nikamwambia, "Mzee, usiifunge. Ni nzima. Mbovu ni mimi." Nikamwambia yote, kuanzia kifua hadi masikio. Ugonjwa niliutaja kwa jina lake.

Akarudi nyuma na kiti chake. Nilikiona kiti kikisogea, nikaandaa moyo.

"Unaambukiza?"

"Hapana. Wiki mbili zile nilizokaa nyumbani ndizo zilizokuwa za hatari."

Halafu akanyoosha kidole kwenye kisanduku cha milio. "Nipime na mimi."

Nikampima. Akainua mkono kila aliposikia, kwa makini kama yuko mahakamani. Elfu tatu, nne, tano. Hapo mkono ukabaki gotini.

"Elfu tano? Na wewe mgonjwa una sita?" Alikasirika kabisa. "Kwa hiyo ile siku nimevaa hedifoni kukusaidia, humu ndani hakukuwa na mtu?"

"Limita tu ndiyo iliyokuwa inasikia, mzee."

Akaitoa kwenye boksi, akaipangusa kwa shati lake. Kisha akauliza nililokuwa naliogopa. "Na yako yakishuka mpaka elfu mbili?"

"Hapo hata maneno ya mtu siyapati vizuri. Nitakuwa sina kazi."

Hakusema hapana. Alisema, "Rudia kanda ya Teodora kwanza."

Ijumaa, 21 Novemba

Nilimfuata Teodora kanisani, nikamwomba msamaha. Nilimwambia sababu. Akasema, "Maawe! Na mimi nikadhani umetudharau." Leo amekuja, amekaa kulia kwangu na hedifoni. Kanda ya kwanza kabisa, ile ya siku ya kurekodi, haijaguswa, kwa hiyo tumeanza upya. Mimi mkono kwenye kitufe cha kukata sauti nyembamba, macho kwenye mshale wa kubana.

"Bado wapo," anasema.

Nakata.

"Bado. Bado. Wamebaki wawili watatu."

Nakata tena, mshale ukainuka taratibu mpaka juu, ukatulia.

"Wamenyamaza," tukasema pamoja. Yeye kwa masikio, mimi kwa macho.

Kanda haina makelele ya Dar. Ngosha amenung'unika, amechukua mia mbili.

Elfu tano na mia tano. Imeshuka, na sindano niliacha siku sita zilizopita.

Ijumaa, 28 Novemba

Elfu tano. Sasa mimi na mzee tuko sawa. Amenitania, "Karibu uzeeni." Nimecheka, nimekwenda chooni, nimekaa huko muda.

Jumatano, 3 Desemba

Sijajipima tangu Ijumaa. Nakigusa kisanduku, naondoa mkono. Selina ameuliza kama kawaida, nikamwambia sijui, nikamwambia kwa nini. Akasema, "Basi uogope huku unapima."

Alhamisi, 4 Desemba

Elfu tano.

Ijumaa, 5 Desemba

Elfu tano. Nimerudia mara tatu.

Jumamosi, 6 Desemba

Mvua imekata saa kumi na moja jioni, hewa nzito na ya joto. Teodora alikuwa uani na kina mama wawili na ndoo zao, wanabishana kama senene watashuka leo au wamekwisha. Mmoja anasema wamekwisha. Taa ya barabarani ilikuwa imewaka, hakuna kitu.

Nimetoa maikrofoni dirishani, nikaielekeza kwenye majani ya ng'ambo. Sikuvaa hedifoni, za nini? Nimezima taa ya chumba, nikaitazama mita. Mshale umelala. Watu wanapita, unatikisika, unalala. Nimekaa hivyo labda robo saa. Halafu ukaanza kuinuka bila mtu kupita, kidogo, kidogo, ukafika kati na ukakaa. Hautikisiki. Nami kimya changu kilekile, na ule mlio wangu wa ndani.

"Teodora!" nikaita. "Wamekuja!"

"Wako wapi? Sisikii!"

"Ng'ambo. Toa ndoo, wanakuja."

Zimepita dakika mbili nzima ndipo nikasikia kina mama wakipiga vigelegele, ndoo zikigongana, Machibya akimwambia mtu asikanyage waya. Vigelegele nimevisikia vyote.

Nimefunga dirisha, nimevaa hedifoni, nimezungusha kitufe taratibu.

Elfu tano. Kama jana, kama juzi.